Unga wa Ndizi na Mifuko ya Champaklal

Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo,
Dar es Salaam.
14 Januari 1980

Shangazi yangu Celina,

Shikamoo. Huku tunaendelea, isipokuwa mkweo Severa ana mafua ya vumbi yasiyotaka kupona, na mjukuu wako Marcelino ameanza darasa la kwanza. Siku ya pili tu alirudi bila kalamu wala soksi moja, na hadi leo hajaweza kutueleza soksi ilivukaje kiatu. Goti lako je? Elisaria aliponishushia mzigo kutoka kwenye lori lake aliniambia unatembelea fimbo, nami nikamkatalia, maana sijawahi kukuona na fimbo isipokuwa ya kunichapia.

Shangazi, naandika kuhusu unga. Vile vikapu sita vya Desemba vilifika vibaya. Lori lilikwama siku mbili njiani, mvua ikapita kwenye turubai, na yale majani ya migomba mliyotandika ndani yakawa yanatoa jasho. Vikapu vitatu vilikuwa vimeshika ukungu. Huo wenye ukungu nimeuondoa, usiwe na wasiwasi.

Lakini hatuwezi kuendelea hivi. Watu wa hapa wameupenda unga wenu. Wenye watoto wadogo wanaulizia hata ukiwa umekwisha. Yuko mzee mmoja pale Mchafukoge, Champaklal, ana karakana ya mifuko ya nailoni. Alinifuata mwenyewe dukani akaniambia nijaribu mifuko yake. Anaikata, anaubana mdomo wake kwa chuma cha moto, na hewa haiingii wala maji. Nimempa Elisaria mifuko ishirini akuletee. Naomba mpime, mfungie huko huko Kibosho kabla unga haujaona barabara.

Nijibu upesi, Shangazi. Mvua kubwa hazisubiri.

Mwanao,
Isidori


Kibosho.
22 Februari 1980

Mwanangu Isidori,

Marahaba. Barua yako ya Januari niliipata mwanzoni mwa mwezi huu. Ilikaa mfukoni mwa Elisaria wiki tatu kwa sababu lori lake halikuwa na matairi, na yeye hakuona sababu ya kumpa mtu mwingine ailete. Nilimwambia neno moja tu, akanywa chai yake haraka akaondoka.

Fimbo ninayo. Ni kweli. Mektilda na akina mama wenzetu wa kikundi wanakusalimu. Kahawa imechanua vizuri upande wa juu. Mwambie Severa achemshe majani ya mchaichai. Na Marcelino mnunulie kalamu mbili, moja ibaki nyumbani.

Mifuko tumeijaribu. Mimi si mtu wa kukataa kitu kwa kuwa ni kigeni. Nilitia unga kwenye mfuko mmoja, na mwingine kwenye kikapu, nikaviweka uvunguni pamoja, mahali penye unyevu, kwa majuma mawili. Wa mfuko ulitoka mkavu kama siku tuliyousaga. Wa kikapu ulikuwa na harufu. Hilo nakuandikia wazi ili usiseme nilificha.

Halafu Mektilda akautupa mfuko jikoni kwenye moto. Ulitoa moshi mweusi uliotufukuza sote mpaka nje, na ukadondoka kama nta juu ya figa, ukaganda. Hadi sasa upo, hautoki hata kwa kisu. Kwa hiyo nakuuliza: uji ukishanywewa, mfuko unaenda wapi? Kikapu kikichakaa nakitupa kwenye shamba, mwaka haujaisha kimekuwa udongo. Wewe huko utaitupa wapi mifuko ya Dar es Salaam nzima?

Tumeamua kujaribu chupa. Tumeokota kwenye vilabu na kwa watu, tumepata arobaini, tumezichemsha. Tumezipanga ndani ya maganda ya maharage ili zisigongane.

La mwisho. Umeandika unga wenye ukungu umeuondoa. Umeuondoa ukaupeleka wapi? Mimi ndiye niliyeusaga. Nijibu hilo.

Shangazi yako,
Celina


Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo.
30 Machi 1980

Shangazi,

Shikamoo. Severa amepona, kwa mchaichai au kwa kuchoka kuugua. Marcelino sasa anaandika jina lake kwenye kila ukuta wa nyumba, na mwenye nyumba ameshakuja mara moja kunionyesha.

Chupa zilikuwa arobaini zikiondoka huko, na ishirini na saba zikifika huku. Kumi na tatu zilivunjika, na si kwamba zilivunjika tu, vigae viliingia kwenye maganda ya maharage, na vingine kwenye unga wa chupa zilizopasuka midomo. Severa na mimi tulikaa sakafuni siku nzima tukikagua moja moja kwenye mwanga. Alijikata kidole. Nikamwaga unga wa chupa nane zaidi kwa kuogopa tu, maana kigae kidogo huwezi kukiona kwenye unga mweupe.

Tena kuna jambo la uzito. Chupa ni nzito sawa na unga ulio ndani yake. Lori linapanda na kushuka milima kubeba kioo, Shangazi. Elisaria analalamika mafuta hayapatikani, na nusu ya mafuta yale yanasafirisha chupa. Nilidhani zitarudi mzijaze tena. Hazirudi. Mteja akishamaliza unga anatia mafuta ya taa, na ukimdai anakuona mchokozi.

Nimechukua uamuzi, nisamehe. Nimemwagiza Champaklal mifuko mia tano, ina maandishi ya kijani: UNGA WA NDIZI, AKINA MAMA WA KIBOSHO. Mia mbili nakuletea, mia tatu nimebaki nazo, nafungia unga uliopo. Ukiiona utaipenda. Mnapakia, mnakunja mdomo mara mbili, mnapitisha kwenye mwali wa mshumaa, basi. Huo ndio ufungaji unaowezekana kwa sasa. Kikapu kinaozesha unga, chupa inakata watu. Sioni cha tatu.

Mvua zimeanza huku. Jangwani maji yameshapanda.

Mwanao,
Isidori


Kibosho.
9 Mei 1980

Isidori,

Marahaba. Mifuko imefika.

Usitume mingine. Unga pia hatutaleta kwa sasa.

Tunakunywa chai ya rangi siku hizi. Mektilda anakusalimu.

Celina


Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo.
2 Juni 1980

Shangazi,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nyingi nikidhani labda kuna ukurasa uliobaki ndani ya bahasha. Nimeipasua bahasha yenyewe nikaangalia. Hakuna.

Sitaki kukukosea adabu. Baba alipokufa ni wewe uliyenisomesha, na bila wewe nisingekuwa na duka wala barua ya kukuandikia. Lakini nimechoka. Wateja wanakuja na watoto mgongoni wananiuliza unga uko wapi, na mimi nasema unakuja, na sijui kama unakuja. Umeniandikia mistari mitatu. Kama kuna kosa nililofanya, niambie ni lipi.

Ukitaka kujua, sijakaa bure. Nimejaribu gazeti. Wino wake unabaki kwenye unga, na jasho la mkono linatosha kulichana. Nimejaribu zile karatasi za kaki zinazoshonewa mifuko ya saruji. Nilizikung'uta nje mpaka majirani wakalalamika, lakini nilipotia unga na kuumimina tena nikaona chembe za kijivu. Mtoto hawezi kunywa saruji. Nimetafuta kitambaa cha pamba cha marekani, kinachofuliwa na kutumika tena. Kwenye duka la ushirika nimesimama foleni mara mbili, na mara zote mbili kimekwisha mbele yangu. Hata kingepatikana, kinapitisha unyevu, na kukifua ni sabuni, na sabuni nayo unaijua habari yake.

Na kuhusu chupa zako. Elisaria amenieleza kitu ambacho wewe hukukiandika. Amesema kuchemsha zile chupa arobaini kulikula mizigo miwili ya kuni, na kwamba akina mama walipanda mpaka kwenye mpaka wa msitu kuzitafuta. Tangu utotoni wewe umekuwa ukiniambia kwamba msitu ule ndio unaoleta maji ya mifereji. Kwa hiyo, Shangazi, unaponiuliza mfuko wangu unaenda wapi, na mimi nakuuliza chupa yako imetoka wapi. Kila kitu tunachofungia kina uchafu wake. Wa kwangu unaonekana mtaroni. Wa kwako umejificha huko juu ambako mteja hafiki.

Nimeandika kwa hasira na sitaichana barua hii, kwa sababu nikiichana nitaandika nyingine yenye maneno matamu na hutajibu.

Isidori


Kibosho.
12 Julai 1980

Mwanangu,

Marahaba. Umefanya vizuri kutoichana.

Goti linauma wakati wa baridi, na baridi ya mwaka huu ni kali. Mektilda ameozesha binti yake wa pili. Tulikuwekea nafasi, tukajua hutakuja.

Sasa nitakuandikia kile nilichokinyamazia. Yule ng'ombe mwekundu uliyeniletea mwaka niliofiwa na mume wangu amekufa. Alikufa tarehe ishirini na sita Aprili.

Ilikuwa hivi. Mifuko yako ilipofika tulipakia sitini siku hiyo hiyo. Akina mama walifurahia yale maandishi, kila mmoja alitaka kushika wake. Lakini mshumaa ule, wengine waliukaribisha mno, mifuko ikatoboka. Iliyotoboka tuliumwaga unga wake na kuitupa pembeni. Pembeni ndipo palipokuwa na maganda ya ndizi tuliyomenya. Jioni nikakusanya maganda kama ninavyokusanya kila siku, nikampelekea zizini. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu. Mifuko ilikuwa na unga umegandia ndani, mtamu, na yeye akaila pamoja na maganda.

Siku ya tatu alikataa majani. Siku ya tano tumbo likavimba upande mmoja. Tulimtafuta bwana mifugo, akawa amekwenda mkutanoni Moshi. Tulimnywesha mafuta, tulimtembeza. Alilala hakuinuka. Walipompasua, Mektilda akaniita nikaangalie. Ilikuwa donge kama kichwa cha mtoto. Tuliliosha, tukalifungua: mifuko saba. Maandishi ya kijani yalisomeka herufi kwa herufi, jina letu.

Sikukuandikia kwa sababu ng'ombe alikuwa wako, na kwa sababu ukishasoma ungedhani nakulaumu. Na ni kweli nilikulaumu. Kisha nikakumbuka aliyebeba maganda ni mimi, nikashindwa nianze vipi. Wajukuu wa Mektilda walikuwa wanapata maziwa kwangu. Sasa hawapati. Ndiyo maana nikakuandikia chai ya rangi, nikidhani utauliza. Hukuuliza.

Kuhusu kuni, Elisaria amesema kweli. Haikuwa mizigo miwili, ilikuwa mitatu. Niliporudi kule msituni na kukiona kile kisiki kibichi nilichoacha nyuma niliona haya, na nilikataza chupa zisichemshwe tena. Hilo nalo nilikuficha.

Basi nimemaliza yangu. Wewe bado. Nimekuuliza tangu Februari, umenijibu habari za chupa, za saruji, za marekani, za mafuta ya lori. Sijasahau. Vikapu vitatu vilikuwa na ukungu. Nani alikula ule unga?

Celina


Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo.
3 Agosti 1980

Shangazi,

Shikamoo. Pole kwa ng'ombe. Naandika pole na naona jinsi neno lenyewe lilivyo dogo.

Barua yako niliisoma nimesimama dukani, wateja wawili wakinisubiri, na nikawaambia nimefunga.

Vikapu vile vitatu sikuvitupa. Ukungu ulikuwa juu, mkono mmoja kwenda chini unga ulionekana mzuri. Nikaukwangua wa juu, nikachekecha mara mbili, nikauanika juu ya paa kwenye jua siku tatu. Ukarudi mweupe. Harufu ikapungua, haikuisha. Nikauchanganya na ule mzuri, nikauza. Nilijiambia mmehangaika kumenya, kukausha, kusaga, na kwamba kuutupa ni kuwatukana. Nilijiambia hivyo.

Walionunua wengi siwajui. Hilo ndilo linalonikosesha raha zaidi, maana siwezi kwenda kuuliza mlango wowote. Ninayemjua ni mmoja. Anaitwa Madhuben, ni mkwe wa yule mzee Champaklal. Ana binti wa miaka miwili, Lalita, aliyekuwa ametoka kuugua surua, naye alikuwa akimpa uji wa ndizi apate nguvu. Aliponunua aliniuliza kama unga ni mpya. Nikasema ndiyo.

Baada ya siku kumi mtoto alianza kutapika. Tumbo likajaa, macho yakawa ya manjano. Walimlaza wiki tatu. Daktari hakusema kwa hakika kuwa ni unga, alisema tu wautupe. Mtoto amepona, anatembea, lakini anachoka upesi na nywele zake zimekuwa nyepesi kama za mtoto mchanga.

Na sasa utaelewa kwa nini Champaklal alikuja mwenyewe dukani mwezi wa Januari. Alisikia kwamba unga ulilowa njiani. Alikuja na mfuko mkononi, akasema, "Weka humu. Usilowe tena, watoto wa watu wanakunywa." Hakunilaumu hata kwa jicho. Alidhani sikujua. Mimi nikaichukua ile mifuko kama mtu anayechukua dawa, na nikawasukuma ninyi muipokee, na nikakuandikia kwa ukali, kwa sababu kila nilipoona kikapu nilikuwa namwona yule mtoto. Hoja zangu zote za uzito na mafuta zilikuwa za kweli, Shangazi, lakini hazikuwa sababu.

Kuna jingine. Mwezi uliopita viongozi wa tawi walituita wafanyabiashara wote tuzibue mtaro unaoshuka Jangwani. Nilipewa koleo. Magazeti tuliyafukua yakiwa uji, vikapu vilikatika vipande vikienda na tope. Kisha likaja fundo lililoziba kabisa, na nilipolivuta likatoka mifuko, mingi ya aina nyingi, na ndani yake ya kwangu kama kumi hivi. Imelala kwenye maji machafu tangu Aprili, na ukiisuuza unaweza kuitumia leo. Mwenzangu aliyekuwa karibu akasoma kwa sauti: akina mama wa Kibosho. Akacheka. Nyumba tatu za chini ya pale ziliingiliwa na maji mwezi wa Aprili. Siwezi kusema ni mifuko yangu. Siwezi kusema siyo.

Baada ya barua yako nilikwenda Mchafukoge. Champaklal alikuwa kwenye mashine yake. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kabla hajanipa kiti. Akaniuliza, "Ulijua kabla ya kuuza?"

Nikasema nilijua.

Akazima mashine. "Mimi nilidhani ni mvua," akasema. Akaingia ndani, nikabaki na mafundi wake wawili, nao hawakuniangalia.

Kesho yake Madhuben alikuja dukani. Sikujua nifanye nini, nikasimama. Hakupiga kelele, na wateja waliokuwapo walidhani amekuja kununua. Alisema, "Nilikuuliza kama ni mpya. Nilikuuliza mara mbili." Kisha akaondoka. Ni kweli, aliuliza mara mbili. Hata hiyo ya pili nilikuwa nimejisahaulisha.

Sijui cha kukuomba. Usipojibu nitaelewa.

Isidori


Kibosho.
25 Septemba 1980

Isidori,

Marahaba. Umesema usipojibiwa utaelewa. Mimi sitakupa nafasi hiyo.

Nimekasirika. Nilipomaliza kusoma niliiweka barua chini ya Biblia, nikaenda kukata majani ya ng'ombe, nikakata mzigo mzima ndipo nikakumbuka hakuna ng'ombe. Nilikusomesha ujue kusoma na kuhesabu, na ukatumia akili yote hiyo kuchekecha ukungu.

Nilikaa nayo wiki mbili. Kisha niliwaita akina mama wote kumi na wawili, nikawasomea yote, kuanzia shikamoo mpaka mwisho. Usione haya, au ona, hilo ni lako. Ule unga una jina letu, walikuwa na haki ya kusikia. Mmoja alisema tuache kazi kabisa, turudi kuuza ndizi sokoni Moshi. Mwingine alisema kosa ni la kijana, si la kikapu. Mektilda akasema kosa ni la kijana na kikapu pia. Tulibishana mpaka jua likapanda, na hapo tukaanza kupima upya, safari hii bila mtu wa kutetea chake.

Tulichoamua ni hiki. Mtoto kwanza. Unga lazima ufike mkavu, na kwa ukavu ule mfuko unashinda, hata mimi niliyezika ng'ombe nasema hivyo. Lakini hatutampa kila mteja mfuko. Tumepata madebe manane yenye mifuniko ya kubana, yaliyokuwa na mafuta ya kupikia. Ndani ya kila debe tunatandika mfuko mmoja mkubwa wa nailoni, mmoja tu. Mwambie Champaklal atukatie minane mizito, akikubali kukuuzia. Kila debe lina namba, na mfuko wake una namba hiyo hiyo. Vikishuka vimejaa lazima virudi vitupu, vyote viwili. Mfuko usiporudi, debe la pili haliji. Huku nimeiwekea mifuko boriti yake ya kuining'iniza, juu, mbali na maganda.

Mteja aje na chombo chake, bakuli, sufuria, chochote. Umpimie. Asiye na chombo arudi nyumbani akachukue. Najua watakwenda duka la pili. Waende.

Na kuanzia katikati ya Machi mpaka Mei hatutaleta unga kabisa. Hakuna kifungio kitakachoshindana na barabara ile. Tutauza kidogo. Mwenyekiti wa kijiji ameshaniuliza mbona kikundi kinapunguza uzalishaji wakati wenzetu wanaongeza. Nilimwambia aje anione, hajaja.

Usidhani tumepata kitu kisicho na ubaya. Debe ni bati, litashika kutu, na siku moja mifuko hii minane nayo itapasuka na nitakuwa nayo mkononi sijui pa kuitupa. Lakini nitajua iko wapi, na ni minane.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, imefungwa. Ni ya Madhuben. Nimemwandikia mimi, mama kwa mama. Usiifungue. Mpelekee kwa mkono wako, usimtume mtu.

Celina


Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo.
30 Novemba 1980

Shangazi,

Shikamoo. Severa anakusalimu, na amejaliwa mimba ya miezi minne, aliniambia nisiandike mpaka awe na uhakika. Marcelino anataka wa kiume. Mwenye nyumba anataka ukuta.

Barua ya Madhuben niliipeleka. Aliisomea mlangoni, akarudia tena, akaikunja. Lalita alikuwa nyuma yake ameshika sari. Alisema, "Mwambie shangazi yako nimesoma." Hajaja dukani tangu hapo. Champaklal aliikata ile mifuko minane, nene, akanikabidhi bila kuzungumza habari za mtoto. Ile ya kijani iliyobaki, zaidi ya mia, aliipokea tena akasema ataiyeyusha.

Biashara imepungua kama ulivyosema. Wengi wananiambia hawatembei na bakuli mjini kama wanaokwenda msibani. Duka la jirani limeanza kuuza unga wa mtu mwingine, kwenye mifuko ya nailoni, na foleni yake naiona nikiwa kwenye kiti changu. Sitakudanganya, inaniuma, na kuna siku namsikia mteja akikunja mdomo wa mfuko kule na nakasirika, kwake, kwangu, kwako pia.

Madebe mawili ya kwanza yalikuwa mazuri. Jana asubuhi nilifungua debe namba tano. Wateja sita walikuwa wamesimama na vyombo vyao, mmoja ametoka nacho Jangwani kwa miguu. Nilipofunua nikasikia harufu. Ilikuwa pembeni tu, kiasi cha kiganja, na mfuko ulikuwa umejikunja hapo. Nilijua namna ya kuukwangua. Mikono yangu ilikuwa inaijua kazi hiyo.

Niliwaambia umeharibika. Yule wa Jangwani akaniuliza kama siwezi kumpimia wa chini. Nikamwambia hapana, akaniangalia kama mtu mwenye roho mbaya, akaenda jirani. Wengine wanne wakamfuata. Mama mmoja alibaki, akaniuliza mwingine unakuja lini, nikamwambia baada ya wiki mbili, akasema atarudi. Unga wote nimeuzika, Shangazi, debe zima, Severa akiwa shahidi. Mfuko nimeuosha, unakauka.

Najua utakapoisoma hii utawaita akina mama uwaulize nani alilifunga debe namba tano. Usiwaite. Mfuniko umebonyea upande mmoja ndio maana haukubana, na waliolifunga hawana kosa. Niliyelidondosha ni mimi, siku ya kulishusha kwenye lori, nikaona limebonyea, nikalipanga na mengine.

Nampa Elisaria debe hilo na mfuko wake awarudishie. Mfuniko muunyooshe, au debe mlitoe kwenye hesabu, mtaamua ninyi.

Mwanao,
Isidori